Mafundi bomba, tusikutane msibani tu

Mafundi bomba wa Dar es Salaam tuna jambo moja tunalolifanya vizuri kuliko ofisi nyingi zenye mihuri: kuzika. Fundi akifariki Tabata, habari inafika Mbagala kabla turubai halijafungwa. Hakuna anayeuliza kabila lake wala dini yake. Michango inaingia kwa simu, mtu mmoja anayeaminika anaandika majina kwenye daftari, gari la kupeleka mwili Singida au Masasi linapatikana, na mjane anakabidhiwa bahasha mbele ya mashahidi. Hatuna katiba wala mwenyekiti. Tunachoogopa ni aibu, na aibu hiyo inatosha kumfanya hata fundi bahili kuliko wote atoe elfu tano yake mapema.

Undugu huo ni wa kweli, na sitaki mtu aubeze. Lakini ni undugu unaoamka mtu akishakata roho. Akiwa hai, na hasa akiwa kijana, fundi bomba wa mji huu yuko peke yake. Ndiyo maana ninaandika: undugu wetu tuutoe makaburini tuulete kazini, na tuanze na vijana.

Tazama kinachotokea arobaini ikishapita. Zana za marehemu zinaanza kutoka nyumbani moja moja. Mashine ya kuchomea mabomba ya plastiki ya PPR inaazimwa na shemeji, hairudi. Spana za bomba, ya inchi 14 na ya inchi 24, zinauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu mjane hajui thamani yake na hakuna aliyekwenda kumwambia. Dai za kukatia nyuzi kwenye mabomba ya chuma zinabaki uvunguni mwa kitanda hadi kutu izimalize. Na mitaa miwili kutoka hapo kuna kijana mwenye cheti cha ufundi bomba cha VETA anayeendesha bodaboda ya mtu, kwa sababu kila mteja aliyempata alimuuliza, "Vifaa unavyo?" Sisi wenyewe tuliosimama kaburini ndio tuliziacha zana zife na mwenye nazo.

Mimi kazi hii nilijifunza kwa kubeba mfuko wa mzee mmoja wa Ilala, enzi ambazo nyumba nzima ilifungwa mabomba ya chuma na mkono wa fundi ulitambulika kwa makovu ya nyuzi. Mzee alikuwa mkali, lakini kila Ijumaa jioni alinisimamisha mbele ya kazi ya wiki akaniuliza kwa nini ameifanya vile. Nikijibu vibaya alinieleza. Nikijibu vizuri alinitafutia swali gumu zaidi. Alipoona nimeiva alinipeleka mwenyewe Chang'ombe kufanya mtihani wa daraja, nauli akalipa yeye, kisha akanikabidhi kwa mteja wake wa Upanga kwa maneno machache: "Huyu kijana wangu. Akiharibu, nitafute mimi." Mteja hakuuliza cheti. Alishapata mdhamini.

Udhamini wa namna hiyo ndio uliopotea. Leo kijana anaingia kwenye ufundi bomba kwa mlango mmoja kati ya miwili, na yote inaishia ukutani. Wa kwanza anapita chuoni. Anajua michoro, anajua majina ya viungo vyote, ana cheti, lakini hajawahi kumkabili mama mwenye nyumba aliyekasirika saa tatu usiku huku maji yakishuka kwenye dari. Hana zana na hana jina mtaani. Wa pili ni saidia fundi. Huyu ana mikono. Amepasua kuta kwa tindo na nyundo, amepandisha simtank juu ya mnara, amechimba mashimo ya chemba kwenye jua la Januari. Lakini baada ya miaka mingi bado analipwa kwa siku, bado anaitwa dogo, na bado hajui kusoma mchoro.

Tuseme ukweli, wa pili tunamchelewesha sisi wenyewe. Wapo mafundi ambao, ikifika hatua ya kupanga mteremko wa bomba la choo, humtuma kijana dukani akanunue thredi tepu. Akirudi, bomba limeshalazwa na kufukiwa. Kumbe somo lenyewe ni la dakika kumi: bomba la inchi 4 linataka mteremko wa karibu 1 kwa 40, yaani lishuke sentimita moja kwa kila sentimita 40. Ukilaza bomba mno, uchafu unatuama. Ukiliinamisha mno, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Vivyo hivyo PPR: mashine ifike nyuzi 260, bomba la milimita 20 lipashwe moto kwa sekunde 5 basi. Ukilishikilia muda mrefu zaidi, plastiki inayeyukia ndani na kubana njia ya maji. Mteja atalalamika presha ni ndogo, na fundi atamshauri alalamike DAWASA, kwenye mamlaka ya maji. Tunaficha elimu ya dakika kumi kwa hofu ya kunyang'anywa wateja, halafu tunashangaa mji umejaa mafundi Maiko.

Swali la jinsi ya kuwalea vijana na kulinda jina la kazi si jipya, na si la Waswahili peke yao. Mpwa wangu anayefanya kazi za ujenzi London alinitumia picha ya sanamu ya shaba iliyopo kwenye kituo cha treni cha Cannon Street. Ni kazi ya mchongaji Martin Jennings na ilizinduliwa mwaka 2011. Nilidhani ni ya mwanasiasa au jenerali. Ni ya mwanagenzi wa ufundi bomba. Chama cha mafundi bomba cha jiji lile, Worshipful Company of Plumbers, kilikuwa kinatimiza miaka 400 tangu kipewe hati ya kifalme na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611, na katika sherehe kubwa kama hiyo, ambapo vyama vyetu vingemsimamisha mwenyekiti na tai yake, wao walimsimamisha kijana anayejifunza kazi.

Nikaanza kusoma habari za chama hicho. Hati ni ya 1611, lakini kanuni zake ziliidhinishwa na Meya na wazee wa jiji la London mwaka 1365. Wakati huo fundi bomba alikuwa mtu wa madini ya risasi: mapaa ya makanisa, mifereji ya mvua, matangi, na mabomba yaliyokuwa yakileta maji ya chemchemi hadi Cheapside, katikati ya jiji, tangu karne ya 13. Lilikuwa jiji la watu wengi, vumbi, wizi na ujanja, na ukizisoma kanuni zile utadhani ziliandikwa Buguruni.

Kanuni ya kwanza ilisema mtu asijifanye fundi ndani ya jiji, wala asichukue wanagenzi, mpaka mafundi bora wa kazi hiyo washuhudie kwamba anaijua, ili kazi isitiwe aibu na wananchi wasidanganywe. Nyingine ilitaka mwanagenzi asichukuliwe kwa muda unaopungua miaka saba, na jina lake liandikishwe ndani ya mwaka wa kwanza, ili asije akageuzwa mtumishi wa bure asiyejulikana popote. Malipo ya kufua risasi yalitajwa, ya mifereji na mapaa mbali, ya mabomba ya maji mbali. Ikakatazwa fundi kumnyang'anya mwenzake kazi aliyokwisha kuianza au kumrubuni mteja wake. Na ikakatazwa kununua risasi iliyong'olewa kutoka kwa vibarua wa waezekaji na waashi, au kwa mtu yeyote asiyeweza kueleza ameitoa wapi. Leo mtaani kwangu koki ya shaba ikiachwa uani usiku mmoja inalala kwa mnunuzi wa chakavu. Mambo ni yale yale.

Jambo lililonigusa ni jinsi walivyofunga pamoja vitu ambavyo sisi tumevitenganisha. Kwao undugu, hisani na ubora wa kazi vilikuwa mkataba mmoja. Fundi aliyetaka kulindwa na wenzake alipaswa kufanya kazi safi. Aliyetaka kuwa na mwanagenzi alipaswa kumfundisha mpaka mwisho na kumtoa akiwa fundi kamili. Mjane wa fundi, kwa desturi ya jiji lile, aliweza kuendeleza karakana ya mumewe, na hivyo zana na wateja hawakupotea. Sisi tumechukua hisani peke yake, tena ile ya siku moja ya msiba.

Jambo la pili ni kwamba chama kile hakina jengo. Ukumbi wao uliteketea kwenye moto mkubwa wa London wa mwaka 1666. Wakajenga tena. Mwaka 1863 ukumbi wao ukachukuliwa kupisha ujenzi wa kituo kile kile cha Cannon Street, na tangu hapo hawajawa na ukumbi wao wenyewe. Hukutana kwenye kumbi za wenzao. Zaidi ya miaka 160 bila ofisi, na chama kipo. Nalitaja hili kwa sababu ninavijua vyama vyetu: kikao cha kwanza kinajadili kodi ya ofisi, cha pili rangi ya fulana, cha tatu posho ya wajumbe, na cha nne hakifanyiki.

Jambo la tatu linagusa afya ya watu wote. Mwishoni mwa 1871 mtoto wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alinusurika kufa kwa homa ya matumbo baada ya kulala kwenye nyumba ya kitajiri huko Scarborough. Mgeni mwenzake na mtumishi wake walikufa. Lawama ziliangukia mifereji ya majitaka ya nyumba ile. Nchi nzima ikaelewa kwamba fundi bomba mbovu anaweza kuua hata ndani ya jumba la fahari. Mwaka 1884, wakati wa maonyesho ya afya yaliyofanyika London, chama kiliitisha mkutano wa mafundi bomba kutoka sehemu mbalimbali za nchi, na mwaka 1886 kikaanzisha daftari la hiari la mafundi waliothibitishwa. Taasisi ya kitaaluma ya mafundi bomba wa Uingereza ya leo chimbuko lake ni daftari hilo. Na mpaka sasa sheria ya nchi ile haimzuii mtu kujiita fundi bomba. Usajili wa lazima upo kwenye kazi za gesi. Kwa hiyo nguvu ya daftari haikutoka polisi. Ilitoka kwa wateja waliojifunza kuuliza jina la fundi limeandikwa au halikuandikwa.

Siku hizi chama kina mfuko wa hisani na elimu, kinatoa tuzo kwa wanagenzi, na kinawakutanisha mafundi wazee na chipukizi. Sikisifii kila kitu. Vyama hivi vya kale vya London, ambavyo viko zaidi ya 100, vilijifungia milango kwa karne nyingi; mgeni kutoka nje ya jiji alionekana adui, na wanawake walipita kwa tabu. Leo wanachama wake wengi si mafundi tena, na karamu zao zinahitaji suti ambayo fundi wa Kinyerezi hana. Makoti yao ya manyoya wabaki nayo. Sisi tuchukue mfupa wa kanuni zao, nyama tutaweka wenyewe.

Maana sababu ya 1871 tunayo hapa. Mji wetu unapata maji kwa mgao sehemu nyingi. Maji yanapokatika, bomba linabaki tupu na linavuta hewa kwa ndani. Kiungo kilichofungwa ovyo, kikiwa kimelala kwenye mtaro wa majitaka, kinafyonza kile kilichokizunguka. Maji yakirudi, mlaji wa kwanza wa asubuhi anapokea alichofyonza bomba usiku. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa nchini kilitukumbusha kwamba maji safi kwenye chanzo si dhamana ya maji safi kwenye kikombe. Kati ya chanzo na kikombe yumo fundi bomba, na mara nyingi ni kijana aliyelipwa elfu kumi kuunganisha bomba jioni, bila mtu wa kumkagua.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila eneo lenye kijiwe cha mafundi bomba, iwe Tabata, Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto, liwe na umoja mdogo wenye mambo manne tu.

La kwanza ni sanduku la zana. Fundi akifariki au akistaafu, umoja uende kwa familia kabla ya mnunuzi wa chakavu. Zana zithaminiwe na mafundi watatu mbele ya mjane, zinunuliwe kwa bei ya haki, hata kama ni kwa awamu, na mjane apewe maandishi. Kisha kijana mmoja aliyechaguliwa akopeshwe mashine ya PPR, spana zake, pima maji, msumeno wa chuma na pampu ya kupimia presha, alipe kidogo kidogo kutokana na kazi. Akimaliza ni zake, na fedha inanunua zana za mwingine. Mjane amelipwa, kijana ameanza kazi, na jina la marehemu linatajwa kila zana hizo zinapofunguliwa.

La pili ni barua ya udhamini. Kijana aliyefanya kazi chini ya fundi anayejulikana, akafundishwa na kupimwa na mafundi wawili wengine wasio bosi wake, apewe karatasi yenye majina na namba za simu za waliomdhamini. Akiharibu kazi, wadhamini wanakwenda kuirekebisha. Hapa ndipo wengi watakimbia, na hapo ndipo tutajua nani anafundisha kweli. Hakuna fundi atakayemdhamini kijana aliyekuwa anamtuma dukani kila kazi ilipokolea. VETA ina utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Anayedhaminiwa leo aandaliwe kwenda kupimwa huko kesho, na umoja umchangie ada. Cheti cha serikali kinathibitisha anachokijua. Wadhamini wanathibitisha mwenendo wake, na mwenye nyumba anahitaji vyote viwili kabla hajamwachia mtu ufunguo.

La tatu ni mfuko wa jeraha. Namkumbuka kijana mmoja aliyeteleza kutoka mnara wa tanki Segerea, akavunjika nyonga. Mkandarasi, nisiyetaka kumtaja, alisema hamjui, kwamba aliletwa na fundi. Fundi akasema aliajiriwa na mkandarasi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na waajiri, na kijana huyu hakuwa na mwajiri aliyekubali kuitwa hivyo. Tulimchangia, ndiyo, lakini kwa kuombana na kwa kuchelewa, na kiasi kilikuwa kidogo kuliko ambacho tungekusanya kwa siku moja kama angekufa. Hesabu hiyo inatutia aibu. Umoja ukiweka akiba ndogo ya kila wiki, kijana akianguka fedha ya hospitali itakuwa tayari. Na humo humo tununue mikanda ya usalama na tufundishe lisilo na mjadala: mtu asishuke kwenye shimo la choo peke yake, na asishuke kabisa mpaka shimo lipate hewa. Gesi ya mle ndani haikohozi wala hainuki vya kutosha kumuonya mtu. Inamwangusha, na anayeshuka kumwokoa inamwangusha pia.

La nne ni kazi ya hisani. Katika shule nyingi za msingi za mji huu utakuta mstari wa koki kumi, zinazotoa maji ni tatu, na mbili kati ya hizo hazifungi. Vyoo vya wasichana vina tanki lakini boya limekatika. Umoja uchague shule moja au zahanati moja kila robo mwaka. Wazee wasimamie, vijana wafanye, wenye maduka ya vifaa watoe koki na mabomba. Mwalimu mkuu anapata maji, na kijana anapata kazi halisi ya kufanyia mtihani mbele ya wadhamini wake. Wazazi wa wanafunzi, ambao ndio wenye nyumba za mtaa ule, wanamuona akifanya kazi safi bila kuwadai kitu. Hakuna tangazo litakalomfaa kuliko hilo. Kuna siku yake pia: tarehe 11 Machi dunia huadhimisha Siku ya Mabomba Duniani, iliyoanzishwa na Baraza la Mabomba Duniani mwaka 2010. Kwetu hupita kimya. Hiyo ndiyo iwe siku ya shule.

Najua maswali yatakayokuja. La kwanza ni la fedha: vyama huliwa. Kweli, nimeshawahi kuwa ndani ya kikoba ambacho mweka hazina alihama mtaa. Ndiyo maana nimeanza na zana na si benki. Mashine ya PPR ina namba, ina mtu aliyeishika, na kila fundi wa kijiwe anaijua kwa sura. Ni vigumu kuila kimya kimya. Akiba ya jeraha iwe ndogo, isomwe hadharani kila Jumamosi, na mtu asiruhusiwe kuishika kwa zaidi ya mwaka mmoja.

La pili ni la wazee wenzangu: nikimfundisha atanichukulia wateja. Jibu lilipatikana 1365. Kijana akila kiapo kwamba hatachukua kazi iliyoanzwa na fundi wake, na fundi akiandika tarehe ambayo kijana atakuwa huru, hofu inapungua pande zote mbili. Tunaogopana kwa sababu hatukuandikiana. Na tukubali kwamba mji huu unakua haraka kuliko mikono yetu. Nyumba zinazopanda Chanika, Kibada na Bunju hatuzimalizi sisi, hata tukikesha.

La tatu ni la wale wanaosema kazi hii ni ya serikali. Serikali ina sehemu yake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanane wa ufundi bomba wenye barua za udhamini na sanduku la zana lililopo ni kikundi kinachokopesheka kuliko wale wanaokutana siku ya kujaza fomu. Na katika vikundi hivyo tusiwasahau mabinti. VETA inawatoa wakiwa na cheti sawa na wavulana, lakini mtaani wanaulizwa maswali ambayo kaka zao hawaulizwi. Mdhamini akisimama mbele ya mteja akasema huyu ni fundi wangu, maswali yanaisha. Lakini halmashauri haiwezi kumjua kijana mwaminifu wa kijiwe cha mtaani. Tunaomjua ni sisi tuliomwona akikaa mpaka maji yapimwe, wakati wenzake wameshachukua posho na kuondoka.

Mamlaka za maji nazo zina faida ya kuvuna. Kila kiungo kibovu baada ya mita ni maji yaliyosafishwa kwa gharama na kumwagika ardhini, na ugomvi wa bili mwisho wa mwezi. Mamlaka ikibandika kwenye ofisi zake za mitaa orodha ya mafundi wanaodhaminiwa, haitatumia fedha yoyote ya maana, na itakuwa imempa mwananchi pa kuanzia anapotafuta fundi.

Nimemaliza na wenye mamlaka, sasa nyinyi wenye nyumba. Mnatulaumu kwa fundi kanjanja, lakini ndio mnaomlea. Mnamwita aliye karibu, mnambana bei mpaka anunue gundi ya bei rahisi, kisha mnamlipa kabla hajapima presha. Kuanzia leo, fundi akija ulizeni mambo mawili: nani anakudhamini, na utaipima kazi kwa njia gani kabla ukuta haujazibwa? Asiye na jibu arudi alikotoka. Mkiuliza hivyo mtaa mzima kwa mwaka mmoja, mtakuwa mmefanya kazi ambayo Bunge la Uingereza halikuifanya kwa mafundi wake.

Na wewe fundi mwenzangu, uliyetoa mchango wa msiba mwezi uliopita bila kusukumwa: toa kiasi hicho hicho mwezi huu kwa kijana aliye hai. Mwandikishe kwa jina, mweleze kwa nini bomba limelala vile, na siku akiiva msimamie mbele ya mteja wako mwenyewe. Usipofanya hivyo, usishangae mwanao akikataa kurithi kazi yako.